Audubon: alichora ndege wa Marekani kwa ukubwa wao halisi, bili wakalipa wengine

Mwewe Mtulivu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Desemba 2010, mnada wa Sotheby's pale London uliuza kitabu kimoja kwa pauni milioni 7.3. Si msahafu wa kale wala hati ya mfalme, ni picha za ndege tu. Kinaitwa *The Birds of America*. Ukurasa wake una urefu wa karibu mita moja na upana wa sentimita 67 hivi, kiasi kwamba kukifungua peke yako ni shughuli. Ndani mna picha 435, na kila ndege amechorwa kwa ukubwa aliokuwa nao akiwa hai. Batamzinga ni batamzinga kamili, na yule chiriku wa kukaa kiganjani naye anakaa kiganjani.

Mchoraji ni John James Audubon. Wapo wanaomsifia kama baba wa wapenda ndege wote wa Marekani, na wapo wasiotaka hata jina lake litajwe. Mimi nataka tumpitie kwa swali moja tu: kazi ile iligharamiwa na nani? Maana jamaa sehemu kubwa ya maisha yake mfuko ulikuwa umetoboka. Nitashusha kwa vipande, mwenye swali atupie.

Alizaliwa tarehe 26 Aprili 1785 katika mji wa Les Cayes, koloni la Ufaransa la Saint-Domingue, yaani Haiti ya leo. Baba yake, Jean Audubon, alikuwa nahodha wa meli mwenye shamba la miwa, na biashara ya watumwa ilikuwa sehemu ya utajiri wake. Mama, Jeanne Rabine, alikuwa mtumishi wa ndani aliyetoka Ufaransa. Hawakuwa na ndoa, na mama alifariki miezi michache baada ya kujifungua. Baba tayari alikuwa na mke halali kule Nantes, Anne Moynet, asiye na mtoto. Kijana akapelekwa kwake, na yule mama hakumfanyia hila yoyote, alimdekeza. Mwaka 1794 wakamwasili kisheria. Kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa akiaga kwenda shule na kikapu cha chakula, jioni anarudi na kikapu kimejaa viota, mayai na magamba ya konokono.

Mwaka 1803, akiwa na miaka 18, baba alimtengenezea pasi ya uongo na kumpandisha meli kwenda Marekani ili asikamatwe kupelekwa kwenye jeshi la Napoleon. Akafikia Mill Grove, shamba la baba yake karibu na Philadelphia. Hapo ndipo alipokutana na vitu viwili vilivyomshika maisha yote: ndege wa Amerika, na binti wa jirani, Lucy Bakewell. Lucy mumkumbuke, tutarudi kwake.

Kalamu Nyekundu

Mkuu kabla hujaendelea. Niliwahi kusoma kwamba Audubon alikuwa chotara, mama yake alikuwa mweusi wa Haiti, ila familia ikaficha. Mbona umeruka hapo?

Mwewe Mtulivu

Sijaruka mkuu, nilijua litakuja. Hiyo habari imezungumzwa sana Marekani. Nyaraka zilizopo zinamtaja mama kuwa ni Jeanne Rabine, Mfaransa. Kinachochanganya watu ni kwamba baba alikuwa na familia nyingine pale pale kisiwani, na mwanamke chotara aliyeitwa Sanitte Bouffard, na mmoja wa mabinti zao, Rose, naye alipelekwa Nantes kulelewa pamoja na huyu kaka yake. Kwa hiyo damu ya Kiafrika ilikuwamo ndani ya nyumba ile, kwa dada yake.

Yeye mwenyewe ndiye aliyepalilia giza hili. Alikuwa anaona aibu kuzaliwa nje ya ndoa, akawa anawaambia watu kazaliwa Louisiana. Ikafika mahali kukawa na uvumi kwamba ndiye mtoto wa mfalme Louis XVI aliyepotea wakati wa mapinduzi, kwa vile wote wawili walizaliwa 1785. Hakuonekana kuukimbia sana uvumi huo!

Tunaendelea. Mill Grove ndipo alipovumbua mbinu iliyomtofautisha na wenzake. Wachoraji wa wakati ule walikuwa wakichukua ndege aliyekaushwa na kujazwa pamba, wanamchora ubavuni, amesimama kwenye kijiti, mkavu kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Audubon alijaribu kuwaning'iniza ndege kwa nyuzi, akatengeneza sanamu ya mbao yenye viungo, yote ikashindikana. Anasimulia kwamba asubuhi moja aliamka kabla hakujapambazuka wazo likiwa limemjia, akapanda farasi hadi mji wa jirani kununua waya, akarudi na kuelekea kijitoni, akampiga risasi mdiria. Akampitisha waya mwilini na kumbana kwenye ubao. Waya mwingine ukainua kichwa, mwingine ukashika miguu, na mwisho akainua mkia. Baadaye akawa anachora mistari ya miraba kwenye ubao nyuma ya ndege, na miraba kama hiyo hiyo kwenye karatasi, ili vipimo visipotee.

Ilibidi awe ameuawa punde tu. Rangi ya macho, ya miguu na ya ngozi ya kuzunguka mdomo hupotea mapema. Kwa hiyo huyu mpenda ndege aliua ndege kwa maelfu, na hakuwahi kulificha hilo.

Fundi Rangi

Mimi ni mchoraji wa Tingatinga, ndege nachora kila siku, ila kwa kichwa tu na rangi ya mafuta. Hapo kwenye waya umenigusa. Swali: alitumia rangi gani? Kwenye picha nilizoziona mtandaoni manyoya yana mng'ao ambao rangi ya maji peke yake haiutoi.

Mwewe Mtulivu

Fundi, jicho lako halijakudanganya. Alichanganya kila alichokuwa nacho. Alianza na penseli na chaki laini za rangi, baadaye rangi ya maji ikashika nafasi kubwa, lakini juu yake anarudia penseli kuchora vijinyuzi vya unyoya mmoja mmoja ili mwanga ukipiga pale kung'ae. Sehemu nyingine alikata ndege aliyemchora siku nyingi na kumbandika kwenye karatasi mpya. Na kwa kuwa alishajifunga na ukubwa halisi, ndege warefu ilibidi wainamishwe. Mtazame yule flamingo wake, bamba (yaani picha) namba 431: shingo imekunjwa hadi chini kwa sababu angesimama wima asingeenea. Lile pozi watu wanalolisifia leo lilitokana na ufinyu wa karatasi.

Sasa pesa. Mwaka 1808 alimwoa Lucy wakahamia Kentucky, akafungua duka na mshirika wake Ferdinand Rozier. Rozier yuko kaunta, Audubon yuko porini. Machi 1810 akaingia dukani kwao Louisville Mskoti mmoja, Alexander Wilson, aliyekuwa akizunguka kutafuta wateja wa kitabu chake cha ndege wa Marekani, cha kwanza cha aina yake. Kwa simulizi ya Audubon, alikuwa ameshashika kalamu ajiandikishe, Rozier akamwambia kwa Kifaransa: kwa nini ununue, na wewe unachora vizuri kuliko yeye? Kalamu ikawekwa chini. Wilson akaondoka mikono mitupu, na miaka mitatu baadaye akafariki. Marafiki zake wa Philadelphia, hasa George Ord, hawakumsamehe Audubon mpaka mwisho. Na walikuwa na sababu: kwenye picha moja ya mwewe wa Mississippi, yule ndege wa chini anafanana na wa Wilson hadi mkao wa vidole.

Kutoka Louisville wakaenda Henderson, akajenga kinu cha mvuke kikubwa kuliko mji wenyewe. Kinu kikamzamisha. Mwaka 1819, uchumi wa Marekani ulipoanguka, akafilisika na kutiwa jela kwa madeni. Alipotoka alikuwa na nguo alizovaa, bunduki yake na michoro yake. Siku za nyuma aliwahi kuliacha sanduku la michoro kwa ndugu wa pale Henderson, akarudi miezi kadhaa baadaye akakuta panya wamezalia humo. Karibu michoro 200 ikawa matandiko ya vitoto vya panya. Akaanza upya.

Oktoba 1820 akapanda boti la mizigo kushuka mto Ohio na kuingia Mississippi, nia ikiwa kuchora kila ndege wa Amerika Kaskazini. Umri miaka 35, hana kazi, ana mke na watoto wawili wa kiume aliowaacha nyuma.

Binti Pangani

"Aliowaacha nyuma." Sentensi tatu za kinu na nusu sentensi ya mke! Hao watoto walikula nini kaka?

Mwewe Mtulivu

Dada, hapo ndipo nilipokuwa naelekea.

Walikula mshahara wa Lucy. Alikuwa mwanamke aliyelelewa kwa raha Uingereza, akajikuta anafundisha watoto wa matajiri wa mashamba ya pamba Louisiana, kusoma, kinanda na adabu za mezani. Mumewe alikuwa anatokea, anachora, anafundisha kucheza dansi na kupigana kwa upanga (kweli kabisa, alifundisha hivyo vitu), halafu anapotea tena. Watoto wawili wa kike walikuwa wamezikwa wakiwa wachanga. Mwaka 1824 Audubon alipeleka kazi yake Philadelphia, Ord na wenzake wakamfungia milango. Ikabaki Ulaya. Nauli na mtaji wa kuanzia ulitokana kwa kiasi kikubwa na akiba ya Lucy. Mei 1826 akapanda meli ya pamba New Orleans kwenda Liverpool, na Lucy hakumwona tena kwa miaka mitatu na zaidi.

Kule walimpokea utadhani kashuka mwezini. Mzungu wa porini, nywele ndefu zimepakwa mafuta ya dubu, koti la ngozi. Alijua wanataka kuona nini, akawapa. Edinburgh akampata mchonga mabamba, William Lizars, aliyetoa mabamba kumi ya kwanza. Kisha wapaka rangi wa Lizars wakagoma, kazi ikahamia London kwa Robert Havell na mwanawe. Huyo mwana ndiye aliyeibeba hadi mwisho, 1838.

Fundi, hii ni yako. Kila picha ilihamishiwa kwenye bamba la shaba kwa kuchonga na kulichoma kwa asidi ili lishike vivuli vya wino, inachapwa nyeusi, halafu watu wanaipaka rangi kwa mkono, karatasi moja moja. Warsha ya Havell ilikuwa na wapaka rangi wapatao 50, wengi wao wanawake, kila mmoja na rangi yake. Wateja walijiandikisha na kupokea furushi moja moja: picha tano, moja kubwa, moja ya wastani, tatu ndogo, kwa gini mbili (gini moja ni pauni moja na shilingi moja). Mafurushi yalikuwa 87. Piga hesabu, ni pauni 182 na shilingi 14 kwa seti nzima, pesa ambayo kibarua asingeipata kwa miaka. Mfalme George IV alikuwa miongoni mwa walioandikisha. Audubon mwenyewe alikuwa mchuuzi wa kitabu hicho, anagonga mlango kwa mlango, na wengi walijitoa katikati. Seti zilizokamilika hazikufika 200.

Na hata picha zenyewe si za mkono mmoja. Alipoondoka na boti lile 1820 alikuwa na kijana wa miaka 13, Joseph Mason, ambaye ndiye aliyechora maua na matawi mengi ya picha za mwanzo. Baadaye George Lehman akachora mandhari, na Maria Martin wa Charleston mimea na wadudu. Maandishi ya kisayansi yaliyoambatana na picha, juzuu tano, aliyanyoosha Mskoti William MacGillivray. Jina kwenye jalada ni moja. Mason alilalamika maisha yake yote kwamba aliahidiwa kutajwa na hakutajwa.

Kalamu Nyekundu

Mkuu, umetaja Mason, umetaja Lucy, umetaja wapaka rangi. Bado kuna watu hujawataja kwenye hiyo bili, au uzi unapambwa?

Mwewe Mtulivu

Haupambwi. Pale Henderson familia ilikuwa na watumwa, kwa wakati mmoja walifika tisa. Biashara ilipoyumba waliuzwa. Mwaka 1819, mwaka ule ule wa kufilisika, aliondoka na wanaume wawili waliokuwa watumwa wake, wakapiga makasia naye kwenye mtumbwi hadi New Orleans, na walipofika akauza mtumbwi na wanaume wote wawili. Walimpeleka kwenye soko la kuuziwa kwa nguvu ya mikono yao wenyewe. Majina yao hakuyaandika.

Si kosa la ujana, maana mwaka 1834, Uingereza ilipokomesha utumwa kwenye makoloni yake, alimwandikia Lucy kwamba serikali ile imefanya pupa. Kwenye maandishi yake anakiri kwamba weusi na wenyeji wa asili wa Amerika walimletea ndege na kumweleza tabia zao, ila mara nyingi hawana majina. Na mafuvu: alikusanya mafuvu ya askari wa Meksiko waliouawa Texas kwenye vita vya San Jacinto, yakaenda kwa Samuel Morton wa Philadelphia, yule aliyekuwa akipima mafuvu ili adai kwamba wazungu wana akili zaidi. Wapo wanaosema "zama zake ndivyo zilivyokuwa". Zama hizo hizo zilikuwa na watu wanaopiga vita utumwa kwa sauti kubwa, wengine mjini Philadelphia kwenyewe.

Bahari Shwari

Niongeze kitu hapo. Alipokuwa Edinburgh 1826 akihutubia wanasayansi, mmoja wa wasikilizaji alikuwa mwanafunzi wa miaka 17, Charles Darwin, ambaye anamtaja kwenye kumbukumbu zake. Kipindi hicho hicho Darwin alikuwa anamlipa mtu mmoja mjini hapo amfundishe kukausha na kujaza ndege. Mtu huyo alikuwa John Edmonstone, mweusi aliyezaliwa mtumwani Guyana na kupata uhuru wake. Ujuzi ule ndio Darwin aliopanda nao meli kuzunguka dunia. Mji mmoja, mwaka mmoja, fundi wa ndege mmoja anapigiwa makofi ukumbini na mwingine analipwa kwa saa.

Mwewe Mtulivu

Hii nzito, asante sana.

Mtu wa Mbugani

Wakuu mimi naongoza watalii Serengeti, na ndege ndio wangu. Nimesikia huyu jamaa ndiye aliyesema tumbusi hawanusi. Mbona kwetu ni kweli? Tumbusi wetu wanatumia macho, ukifunika mzoga kwa majani wanapita juu hawana habari.

Mwewe Mtulivu

Hapo umeleta utamu mkuu. Ni kweli alisema, na ndiyo mada aliyoisoma Edinburgh. Alichukua ngozi ya paa akaijaza majani makavu, akaiweka uwandani. Tumbusi akashuka, akapasua mishono, akatoa majani, akaondoka na hasira zake. Kisha akaficha nguruwe aliyeoza chini ya vichaka, hawakuja. Akahitimisha: wanaona, hawanusi. Rafiki yake mchungaji John Bachman akarudia majaribio huko Charleston, hadi akachorewa kondoo aliyepasuliwa kwenye turubai, na tumbusi wakaja kudonoa ile picha!

Kosa lilikuwa ni mzoga uliooza kupita kiasi. Tumbusi mwenye kichwa chekundu wa Amerika anapenda wa siku moja mbili. Mabishano yalidumu zaidi ya miaka mia. Mafundi wa bomba la gesi California walikuwa wameshagundua kwamba wakitia kemikali yenye harufu ya uozo, tumbusi wanazunguka juu ya tundu linalovuja. Mwanasayansi Kenneth Stager akalifanyia utafiti, na mwaka 1964 akalimaliza: ndege yule ananusa vizuri sana. Wako wa Serengeti ni ukoo mwingine kabisa, wao ni macho. Kwa hiyo Audubon angefanya jaribio lake Seronera angekuwa sahihi.

Uaminifu wake kwa ujumla ni wa kuchuja. Mwaka 1818 alimpokea nyumbani mtaalamu mmoja wa mambo ya asili, Rafinesque. Usiku popo wakaingia chumbani, mgeni akawakimbiza akiwa uchi, silaha yake ikiwa fidla ya mwenyeji, fidla ikavunjika. Audubon akalipiza kwa kumpa taarifa za samaki kadhaa wa mto Ohio ambao hawakuwapo, mmoja akiwa na magamba yasiyopenya risasi. Rafinesque akawachapisha kwenye kitabu chake 1820 kama viumbe halali. Bado tucheke, lakini bamba namba 11 la Audubon mwenyewe lina "ndege wa Washington", tai mkubwa kuliko tai wote wa Marekani, ambaye hakuna aliyewahi kumpata. Wapo wanaosema alikosea kwa tai mchanga, wapo wanaosema alimbuni kuvutia wateja wa Uingereza. Mimi niko na hao wa pili, ila sitagombana na mtu.

Fundi Rangi

Kwa hiyo alikuwa mwongo, mwenye watumwa, mwizi wa maua ya mtoto. Na bado picha ni nzuri, ndiyo inayoniuma. Hebu tuonyeshe moja ambayo ni yake hasa.

Mwewe Mtulivu

Tai wa dhahabu, bamba 181. Mwaka 1833 alimnunua Boston akiwa hai ndani ya kizimba. Alitaka kumuua bila kuharibu unyoya hata mmoja, akamfungia chumbani na mkaa unaofuka. Saa zikapita, akafungua: tai kasimama anamtazama. Akaongeza salfa. Moshi ukawafukuza wenye nyumba, tai bado kasimama. Mwisho akamchoma moyoni kwa chuma kirefu. Akachora kwa saa kama 60 na mara akaugua ghafla, akaogopa kwamba ndio mwisho wake.

Kwenye mchoro wa asili tai anapaa na sungura mweupe, ukucha umepita jichoni mwa sungura, na chini kabisa, kwenye gogo lililolala juu ya korongo, kuna kijimtu kinatambaa na bunduki na ndege mgongoni. Wengi wanaamini ni yeye mwenyewe. Havell alipochonga bamba, kile kijimtu hakimo. Gogo limebaki tupu.

Binti Pangani

Na Lucy mwisho wake?

Mwewe Mtulivu

Kwa muda mambo yalikaa sawa. Toleo dogo la bei nafuu la 1840 hadi 1844 ndilo lililoleta faida ya kweli, wakajenga nyumba kando ya mto Hudson. Mwaka 1843 mzee akaenda mto Missouri kuchora wanyama, kisha macho na akili vikaanza kumwacha. Alifariki 27 Januari 1851. Wana wote wawili wakafariki, Victor 1860 na John 1862, na madeni yakarudi. Lucy, akiwa na miaka zaidi ya 70, akarudi kufundisha. Mwaka 1863 akaiuzia New-York Historical Society michoro halisi ya rangi ya maji kwa dola 4,000. Yale mabamba ya shaba baadaye yakauzwa kama chuma chakavu. Kiwandani Ansonia, Connecticut, kijana wa miaka 14, mtoto wa msimamizi, akaona picha ya ndege kwenye bamba linalosubiri tanuri, akapiga kelele hadi mama yake akaingilia kati. Yaliyosalia hayafiki 100.

Mmoja wa wanafunzi wa Lucy alikuwa mtoto wa jirani, George Bird Grinnell. Alipokua, mwaka 1886, akaanzisha chama cha kuzuia mauaji ya ndege kwa ajili ya manyoya ya kofia za wanawake, akakipa jina la Audubon. Kwa hiyo lile jina lililoko kwenye vyama vya ndege vya Marekani halikutoka kwa mume moja kwa moja. Lilipita kwa mwalimu.

Kalamu Nyekundu

Na sasa wanalifuta hilo jina.

Mwewe Mtulivu

Baadhi. Chama cha Seattle kimelitoa, cha Washington DC kimelitoa, cha New York pia. Kile cha kitaifa kilipiga kura Machi 2023 kikabaki nalo, na wajumbe kadhaa wa bodi wakajiuzulu. Novemba mwaka huo huo chama cha wataalamu wa ndege wa Amerika kikatangaza kubadilisha majina yote ya Kiingereza ya ndege wa huko waliopewa majina ya watu.

Mtu wa Mbugani

Huku kwetu tunaye kasuku mdogo wa Fischer, mnana wa Speke, na wengine kibao, majina ya wapelelezi wa Kizungu. Wageni wangu wameanza kuuliza. Mimi namwonyesha mgeni ndege kwanza, jina baadaye.

Kalamu Nyekundu

Mimi msimamo wangu haujabadilika. Chama ni mali ya walio hai, kiitwe wanavyotaka walio hai. Picha zibaki. Ila kwenye maonyesho, wale wanaume wawili wa mtumbwi waandikwe pale ukutani, hata bila majina.

Mwewe Mtulivu

Hapo tuko pamoja.

Kwa wanaotaka kuona: National Audubon Society imeweka picha zote 435 bure mtandaoni, kwa ubora wa kuchapa. Mkishusha, anzeni na namba 26, kasuku wa Carolina, na namba 62, njiwa wale wa makundi. Mwaka 1813 Audubon alikuwa njiani kwenda Louisville, njiwa hao wakapita juu yake wakifunika jua, siku tatu mfululizo. Akakadiria kundi la saa tatu tu kuwa zaidi ya bilioni moja. Wa mwisho alifia kwenye bustani ya wanyama ya Cincinnati, 1914. Kasuku wa Carolina naye wa mwisho alifia bustani hiyo hiyo, 1918. Ongezeni bata wa Labrador, 332, na yule ndege mnene wa bahari asiyeruka, 341, ambaye alitoweka kabisa duniani Audubon mwenyewe akiwa bado hai.

Fundi Rangi

Nimeshashusha 26. Kasuku saba, mmoja anakutazama usoni kabisa, na huo mmea wenye miba wanaoula kila jani limekufa kwa namna yake, mengine yametobolewa na wadudu. Huyo ni Mason au ni nani? Kwa vyovyote alikuwa anatazama kweli. Nataka nichape nitundike bandani, A3 inatosha?

Mwewe Mtulivu

Haitoshi fundi. Karatasi ya asili inaizidi hata A1. Ukitaka kasuku wabaki na ukubwa wao, tafuta mtu wa mabango mwenye mashine ya karatasi ya rola, mwambie asipunguze wala asipanue, achape asilimia mia. Na usikate ukingo, jina la Havell liko chini kulia.